Mfinyanzi Hulia Gaeni: Maana Iliyomo Mikononi

Wengi wetu tuliinakili methali hii daftarini tulipokuwa sekondari: "Mfinyanzi hulia gaeni." Maana tukapewa: fundi hafaidi kazi ya mikono yake. Tukapata vema, basi, tukapita. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi udongo wa kwetu Mpanda ulivyonilazimisha, mimi mwanafunzi wa sanaa, kuisoma upya.

Mwanzoni nilijua kuchora tu. Kwenye karatasi msanii huchagua upande mmoja, pande nyingine akazificha. Nilipoambiwa nifinyange chungu, hila hiyo ikagoma. Chungu hakina mbele wala nyuma. Ukirekebisha huku, kule kunabonyea. Hata kinyago cha ujamaa cha Wamakonde ni hivyo hivyo: watu wamebebana katika gogo moja la mpingo, nawe ukisimama mahali pamoja huwaoni wote. Sharti uzunguke. Mtazamaji naye anafanya kazi.

Chungu changu cha kwanza kilipasuka motoni, paa! Likizo ilipofika nikapanda treni Tabora kwenda nyumbani, nikamweleza bibi. Akacheka. "Mjukuu wangu, udongo wako uliutia gae?" Akaokota kipande cha mtungi uliovunjika, akakitwanga, akachekecha, akauchanganya unga wake na udongo mbichi.

Sababu ni hii. Udongo ukikauka husinyaa, kwa kuwa maji yanatoka. Upande mmoja ukitangulia kukauka, ufa unaingia. Na maji yaliyobaki ndani yakikutana na moto hugeuka mvuke unaotafuta pa kutokea. Gae lilikwisha kuungua zamani, halisinyai tena. Chembe zake hupunguza kusinyaa na kuuachia mvuke njia. Kumbe gae si takataka!

Jirani zetu Wafipa, ambao tulikuwa nao mkoa mmoja wa Rukwa hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012, waliufinyanga udongo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa udongo wa kichuguu walijenga malungu, yaani matanuri ya kuyeyushia chuma, yenye kimo cha mita 3 hivi. Urefu ule haukuwa pambo: joto lilipopanda, hewa ilivutwa kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Fani ilizaliwa na kazi.

Sasa turudi kwenye uhakiki. Tumezoea kuiita riwaya "sanaa" na chungu "kazi za mikono". Eti moja ina dhamira, kingine kina bei tu. Sikubali. Malalamiko yaliyomo katika methali ni ya kweli: bibi huuza vyungu vizuri gulioni, mwenyewe akapikia chenye ufa. Lakini gae analolia leo ndilo atakalolitwanga kesho ili chungu kipya kisimame. Hili hulioni kama hujashika udongo. Vivyo hivyo "Udongo uwahi ungali maji" tulifundishwa kuwa ni ya malezi. Hebu jaribu kubandika mdomo kwenye chungu kilichokwisha kukauka, utaielewa bila mwalimu.

Chungu changu cha pili kimepona, ingawa kimepinda kidogo. Bibi alikizungusha, akakigonga kwa kidole, akasikiliza mlio. Mhakiki mwenzangu, na sisi tuanze hapo: tuizunguke kazi kwanza, ndipo tuseme.