Herufi Isiyotambuliwa: Mpangilio wa Lugha na Utafutaji katika Hifadhidata

Watafiti wa lugha na fasihi aghalabu huhifadhi matini zao katika hifadhidata za tarakilishi, kisha wakazipekua kwa ruwaza, yaani alama fupi zinazoiamuru mashine ilete kila neno lenye umbo fulani. Makala haya yanaeleza jinsi matokeo ya upekuzi huo yanavyotegemea mpangilio wa lugha na nchi uliochaguliwa hifadhidata ilipoundwa.

Tuchukue mfano wa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata utumikao bila malipo. Humo, alama \w husimamia herufi, tarakimu au kistari cha chini. Je, ni nini kiamuacho kipi ni herufi? Ni mpangilio huo. Ukiwa ule wa kimsingi uitwao C, herufi ni zile 26 za Kiingereza pekee, kubwa na ndogo. Jina Ngũgĩ, likitafutwa kwa \w+, hukatwa vipande viwili, "Ng" na "g". Irabu zake huachwa nje mithili ya alama za uakifishaji. Hali kadhalika, upekuzi usiojali ukubwa wa herufi hushindwa kuoanisha Ĩ na ĩ. Chini ya en_US.UTF-8, jina lilo hilo hutoka zima.

Hata hivyo, mpangilio si dawa ya kila ndwele. Thiong'o hukatika penye ritifaa katika mipangilio yote miwili, kwani ritifaa ya kawaida si herufi. Kwa Kiswahili hasara ni kubwa: "ng'oa" huzaa "ng" na "oa". Anayehesabu msamiati wa ndoa katika nyimbo za jadi atawahesabu wang'oao mihogo pamoja na waoao, wala mashine haitamwonya. Hitimisho lake litakuwa batili ilhali takwimu zinang'aa.

Yafaa basi mtafiti aitie ritifaa ndani ya ruwaza, kwa mfano [\w']+, na ile iliyopinda pia iwapo matini inayo. Aidha, tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, neno COLLATE humwezesha kubainisha mpangilio katika swali lenyewe. Muhimu zaidi, aijaribu ruwaza kwa maneno machache ayajuayo kabla ya kuiamini kwa maelfu asiyoyajua.