Paa la Ghala Lisingoje Mvua

Mkulima wa Pemba huianika karafuu yake juani siku kadhaa, huigeuzageuza na kuiokoa na manyunyu. Ni jambo la kusikitisha, basi, kuiona mali hiyo ikirowa ndani ya ghala kwa sababu ya bati lililoliwa na kutu. Karafuu iliyopata unyevu hufanya ukungu na kushuka daraja. Hasara ni ya mkulima, na ni ya taifa.

Bati hulindwa na zinki, na hewa ya chumvi ya visiwani huila zinki hiyo upesi. Lakini bati lililochakaa si lazima litupwe. Lenye matundu libadilishwe. Lililoshika kutu ya juu juu lisuguliwe kwa brashi ya waya, lioshwe, liachwe likauke, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili. Misumari iliyolegea nayo ibadilishwe pamoja na mipira yake.

Wakati wa kazi hii ni kipupwe, masika yakisha na vuli haijafika. Kwa hiyo viongozi wanaohusika watoe rangi mapema, nasi wananchi tutoe nguvu zetu. Kutega ndoo chini ya tundu si kutengeneza paa.