Muvi moja, hadithi mbili
Juzi bweni zima lilinicheka. Nilishikilia kwamba kwenye Commando ya 1985, steringi Arnold Schwarzenegger na adui yake Bennett ni mashemeji. Mwenzangu wa chumbani akaiweka kwenye kompyuta: Bennett ni askari aliyewahi kuwa chini yake, basi.

Mimi niliiona Liparamba, kibanda umiza, imetafsiriwa. Wasimulizi kama Lufufu wetu, au DJ Afro wa Kenya, hawafuati neno kwa neno. Wanazungumza juu ya sauti ya muvi, wanatia utani, wengine wanaongeza hata undugu. Ndiyo maana tunabishana na kila mtu ana ushahidi.

Baba hajui Kiingereza. Bila msimulizi angeona risasi tu. Likizo nitamwambiaje kuwa ule ushemeji haukuwepo? Yule dada alimhurumia kweli.