Ridhaa ya nani? Wasichana na hoki ya barafuni

Waandishi wetu wa habari za michezo wana neno zuri la kumtambulisha mwanamichezo asiyelipwa: humwita mchezaji wa ridhaa. Ridhaa, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kulikubali jambo kwa moyo mkunjufu pasipo kushurutishwa. Waingereza, kwa dhana iyo hiyo, hutumia neno walilolitwaa kwa Wafaransa, ambao nao walilitoa katika Kilatini, na maana yake ya asili ni mpenzi. Kwao mchezaji wa namna hii ni mtu aliyependa. Kwetu ni mtu aliyeridhia. Kwa muda mrefu nilidhani maana hizi mbili ni mamoja. Siku hizi sidhani hivyo, na walioniondoa katika dhana hiyo ni wasichana wachezao hoki ya barafuni nchini Kanada.

Nilikaa mwaka mzima katika jimbo la Ontario kwa shughuli za utafiti, nikiwa mgeni wa mhadhiri mwenzangu aliyeishi mjini Cambridge. Bintiye, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alichezea timu ya wasichana ya mtaani kwao. Siku za shule mtoto huyo aliamshwa mara tatu au nne kabla hajafumbua jicho. Jumamosi, siku ya mazoezi, tulimkuta saa kumi na moja alfajiri ameketi mlangoni, begi lake, kubwa karibu kama yeye mwenyewe, likiwa limefungwa tayari. Nje theluji ilikuwa ikianguka na kipimajoto kilionyesha nyuzi 18 chini ya sufuri. Hapana aliyemtuma, wala hapana aliyemwahidi zawadi.

Msomaji ambaye hoki aijuayo ni ile ya nyasi na afikirie uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26 au zaidi, uliozungukwa na kingo za mbao ambazo mchezo hugonga na kurudi ndani. Badala ya mpira kuna kisahani cha mpira mgumu, unene wake sentimita mbili na nusu, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke. Kila upande huwa na wachezaji watano na mlinda lango, wote wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini. Kazi yenyewe ni ngumu kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani kwa muda usiofika dakika moja, kisha huruka ukingo na kuketi akitweta huku mwenzake akiruka kuingia, na mchezo haukusimama. Nilichokumbuka zaidi baadaye ni sauti: makali yale yanapokata kona, barafu hulia kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Wasichana walianguka, wakainuka, wakacheka, wakaanguka tena. Mlinda lango wao, aliyefungwa mabao sita siku ile, alitoka akiimba.

Mji wa Cambridge uliundwa mwaka 1973 kwa kuunganisha miji midogo, mmojawapo ukiwa Preston, na jina la Preston lina uzito katika habari hizi. Mwaka 1931 wasichana wa hapo waliokuwa wakicheza softiboli majira ya joto walitafuta la kufanya wakati wa baridi, wakaunda timu ya hoki iliyoitwa Preston Rivulettes. Kwa takriban miaka 10 hapakuwa na timu ya wanawake nchini humo iliyowaweza. Michezo waliyoshindwa ilihesabika kwa vidole. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaja, timu ikavunjika, na vita vilipokwisha hoki ya wasichana ikafifia kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Ndipo, mwaka 1955, msichana wa miaka minane wa Toronto, Abigail Hoffman, alipotaka kucheza na asione ligi ya wasichana wenzake. Akiwa na nywele fupi, akaandikishwa katika ligi ya wavulana kwa jina la Ab. Alivalia sare nyumbani ili asibadilishe nguo mbele ya wenzake, akacheza nafasi ya ulinzi, akacheza vyema. Mapema mwaka 1956 alichaguliwa katika timu teule, wasimamizi wakapekua vyeti vya kuzaliwa, na siri ikafichuka. (Laiti angalicheza kwa Kiswahili! Lugha yetu, isiyobagua mume na mke katika kiwakilishi “yeye”, ingalimsitiri kwa muda mrefu zaidi.) Msichana huyo baadaye aligeukia riadha: akashinda dhahabu ya mbio za yadi 880 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966, akashiriki Michezo ya Olimpiki mara nne, na mwaka 1976 akaibeba bendera ya nchi yake mjini Montreal. Michuano ya kitaifa ya hoki ya wanawake ilipoanzishwa mwaka 1982, kombe lake lilipewa jina la yule yule aliyelazimika kuficha jina lake ili acheze.

Aliyefuata hakujificha. Mwaka 1985 Justine Blainey, naye wa Toronto, alipata nafasi katika timu ya wavulana kwa uhodari wake. Kocha alimtaka, chama cha hoki cha jimbo kikamkatalia kwa kuwa ni msichana. Sheria ya Haki za Binadamu ya Ontario ilikataza ubaguzi katika huduma za umma, lakini kifungu kimoja kiliruhusu vyama vya michezo kubagua kwa jinsia. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilikitangua kifungu hicho, na mwishoni mwa 1987 uamuzi ukatolewa kwamba ana haki ya kucheza. Kwa miaka hiyo yote mtoto alikuwa akikua na misimu ikipita. Lililonishangaza zaidi ni kwamba miongoni mwa waliompinga kilikuwamo chama cha hoki ya wanawake chenyewe, kikihofia kuwa wasichana bora wangehamia kwa wavulana na ligi zao kudhoofika. Hofu hiyo siidharau. Hata hivyo, naona ni dhuluma kumtwika mtoto mmoja mzigo wa kuinusuru ligi nzima.

Leo ligi za wasichana zimejaa kote Kanada, na tangu Januari 2024 ipo ligi ya wanawake wanaolipwa. Walakini kwa nini mazoezi yawe alfajiri? Barafu ni ghali kuitunza, hivyo viwanja hukodishwa kwa saa, na saa nzuri aghalabu hubaki kwa waliozizoea tangu zamani, yaani timu za wavulana. Wasichana waliofika nyuma huokota masalio. Mwaka 2009 jambo hili lilizua mvutano mkubwa Toronto. Ridhaa ya msichana haikukosekana popote katika visa hivi. Iliyokosekana ni ya mwenye daftari la saa, ya mwenye chama, ya mwenye sheria.

Nasi hatuko mbali na habari hii. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, katika hoteli moja kwenye Barabara ya Mombasa, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Lakini sisemi habari za barafu. Walimu wenzangu tunafahamu kipindi cha michezo huenda wapi mtihani unapokaribia: huchukuliwa na hisabati, na wa kwanza kuambiwa warudi darasani ni wasichana, eti hawapendi kukimbia. Nilicheza hoki ya nyasi katika shule ya bweni hadi Kidato cha Tatu, muhula wa pili, gongo langu lilipofungiwa ghalani pamoja na ya wenzangu. Hatukuulizwa, na kwa kweli hatukulalamika. Tuliitika “ndiyo, mwalimu” kwa sauti moja. Mtu angaliweza kuiita ridhaa.

Asubuhi moja, mazoezi yalipokwisha, binti yule aliketi karibu nami vidole vikiwa vimekufa ganzi, asiweze kufungua kamba za viatu. Nilipiga magoti nikamfungulia kimoja. Akaniuliza kama kwetu wasichana hucheza hoki. Nikamwambia hucheza, juu ya nyasi, na kwamba mimi nilikuwa winga wa kulia hadi nilipoacha nikiwa na miaka 17.

“Nani alikukataza?”

Nilisema ni mtihani. Alinitazama kidogo, kama asiyesikia vizuri, kisha akanyoosha mguu wa pili.