MCHICHA NAO UNAPUMUA



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwahimiza wazee wetu kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Leo tuzungumze juu ya hewa.

Tazama bustani za mchicha za Mbagala au Bunju wakati wa masika. Maji yakituama kwenye tuta kwa siku kadhaa, mchicha hugeuka manjano, halafu hunyauka. Kwa nini unyauke na maji yapo tele? Kwa sababu mizizi imekosa hewa.

Mmea unapumua kama sisi. Mchana majani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Lakini majani, shina na mizizi hupumua mchana na usiku.

Miili ya mimea, wanyama na watu imejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Kila chembe huunguza chakula polepole, bila moto, kwa kutumia hewa iitwayo oksijeni. Hivyo ndivyo inavyopata nguvu. Mabaki yake ni maji na hewa chafu, yaani kabonidayoksaidi. Shika kuku, utaona ana joto. Joto hilo linatokana na kazi hiyo.

Sisi huvuta oksijeni kwa mapafu. Damu huibeba na kuipeleka kwenye kila chembe. Chembe za ubongo zikiikosa kwa dakika chache tu, huanza kufa.

Sasa fikiri juu ya jiko la mkaa. Mvua ikinyesha, wengine hupikia maharage chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Mkaa nao hutumia oksijeni. Tena hutoa hewa ya sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Haionekani, wala haina harufu. Sumu hii huikamata damu, ikashindwa kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Aliyelala huenda asiamke.

Kwa hiyo:

1. Pikia nje, au mahali panapopita hewa.

2. Usilale na jiko lenye moto chumbani, hata kama mkaa umekolea na hautoi moshi.

3. Ukimkuta mtu amelegea, fungua mlango na madirisha. Mtoe nje upesi. Mpeleke hospitali, hata akizinduka.

Mchicha hauwezi kuhama tuta lake. Wewe unaweza kulitoa jiko nje.

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako.