Binti Anataka Kuwa Rubani, Nani Atalipa?

Mama mmoja alitufikia shuleni na swali. Binti yake, aliye mwaka wa tano sekondari, anataka kuwa rubani. Baba amekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja chao ili mtoto apelekwe ng'ambo. "Mwalimu, tukiuza, kazi atapata kweli?" Tulimwomba siku chache, tukatafuta.

Kumbe kazi ni moja, lakini njia zake hazifanani. Marekani, tangu 2013, kwa kawaida wanaomba saa 1,500 hewani kabla ya kuendesha ndege ya abiria ya kampuni. Kijana anajilipia masomo, mara nyingi kwa deni, halafu anafundisha wengine kuruka huku akihesabu saa zake. Ulaya, mwenye saa kama 200 anaweza kukalia kiti cha rubani msaidizi. Saa ni chache, ila gharama ya masomo mara nyingi inapita euro 70,000, na huko pia mzazi ndiye anayetafutwa.

Ethiopia ndiko tulikokawia. Ethiopian Airlines ina shule yake Addis Ababa: kijana wa nchi akichaguliwa, kampuni inamfundisha, naye anaitumikia kwa mkataba. Amsale Gualu alipata ukapiteni hapo 2010, wa kwanza kati ya wanawake wa kampuni hiyo. Novemba 2015 aliongoza ndege hadi Bangkok, na wahudumu wote walikuwa wanawake. (Wanaosema kichwa cha mwanamke hakiwezi mashine, waambieni hiyo.) Lakini mgeni anayetoka kwetu mara nyingi hujilipia.

Tena leseni ya nchi moja haifungui milango yote. Mwenye leseni ya Afrika akitaka kazi Ulaya, anarudia mitihani. Na kampuni zetu za Kongo zimo katika orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka Ulaya, tangu 2006.

Kilichotushtua zaidi ni Kingereza. Rubani wa safari za kimataifa anapimwa lugha hiyo, na watoto wetu tunawafundisha kwa Kifaransa. Vilevile kuna uchunguzi wa daktari wa macho, masikio na moyo. Miwani si kizuizi, lakini asiyetofautisha rangi anaweza kukataliwa. Uchunguzi huo ufanyike kabla ya kulipa hata franga moja ya shule.

Tulimweleza mama yote hayo, baba akiwa amekaa kando, kimya. Mnunuzi ameambiwa angoje. Binti ameanza Kingereza jioni, siku tatu kwa juma.