Binti yangu 'Elinino' katimiza 28, baba nafuta kauli!

Jumamosi iliyopita kwetu Tandika palikuwa hapatoshi. Pilau, soda, muziki mpaka barabarani na keki ya ghorofa mbili! Kisa? Binti yangu wa kwanza kafikisha miaka 28. Msomaji wangu, kule kijijini nilikokulia mambo ya bethidei hatukuyajua, mtu ulihesabiwa umri kwa njaa na mafuriko. Lakini siku ya huyu siwezi kuisahau hata nikitaka.

Alizaliwa Januari 1998, kipindi cha mvua za El Nino. Nyie vijana mnaisikia tu kwa wazazi. Haikuwa mvua ile, lilikuwa balaa. Barabara zilikatika, madaraja yakasombwa, reli ya kati nayo ikaharibiwa na maji. Wakati huo nafanya biashara ya dagaa wa Kigoma, na nilikuwa hukohuko na magunia yangu sita, treni hakuna! Mke wangu kajifungua, mimi nahesabu siku stesheni. Nilipoingia Dar mtoto ana siku 23, na dagaa wameshika ukungu, wananuka mpaka wapangaji wenzetu wakalalamika. Mtaji wote chali.

Nikamchukua mtoto mikononi, na neno la kwanza lililonitoka ni hili: "Huyu kaja na mkosi."

Nilisema kwa utani, watu wakacheka. Ana jina lake zuri alilopewa na bibi yake, lakini mimi nikambandika 'Elinino'. Na kwa kuwa walicheka, nikarudia. Nikarudia miaka na miaka! Timu yangu ikifungwa, eti Elinino kapita mbele ya tivii. Umeme ukikatika, Elinino huyo. Mgawo ule wa mwaka 2006 alikuwa na miaka minane, akanijia gizani na kuniuliza taratibu:

"Baba, ni mimi niliyeuzima?"

Nikacheka. Kumbe mwaka ule ni ukame, maji yalipungua kwenye mabwawa ya kuzalisha umeme, Mtera likiwemo. Mtoto niliyembebesha mvua nikambebesha na ukame! Swali lile siku hizi linaniamsha usiku.

Alipomaliza kidato cha nne akasema anataka kwenda VETA kusomea umeme. Weee! Nikamwambia hiyo kazi ya kiume, na pesa yangu siichezei tena kwa mtu mwenye mkosi. Safari hii hakucheka mtu. Hakunijibu kitu, akaingia ndani. Ada kalipa mama yake kwa pesa ya upatu, na mimi nikanuna kama miezi miwili hivi, mzee mzima.

Sasa sikia. Masika ya 2021 friji la dukani kwangu likaanza kutekenya watu. Ukiligusa tu, unaruka! Fundi wangu, mshikaji wa siku nyingi, akaniambia ni unyevu huo mzee, we vaa ndala. Nikavaa ndala kweli!

Siku moja binti katoka kazini kapitia dukani, kaligusa. Akazima swichi kubwa, akatoa testa mfukoni. Robo saa haikufika. Waya wa ethi ulikuwa unaishia ukutani, na nje hakukuwa na nondo yoyote iliyochimbiwa ardhini. Akanieleza kwamba umeme unaovuja kwenye bodi la friji, kama hauna njia ya kwenda ardhini, unamsubiri mtu apite nao, hasa aliye pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Na aliyekuwa anaingia mle pekupeku kila jioni kufuata soda ni mdogo wake wa mwisho, miaka tisa.

Nilikaa kwenye kreti la bia, miguu haina nguvu.

Akachimbia nondo, akafunga na ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja. Hakunidai hata senti. Wala hakusema "si uliniita mkosi?" Bora angesema jamani!

Basi Jumamosi nikapewa nafasi ya kuongea. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima. Nikasimama, nikamtazama, koo likakauka. Nikaweza kusema moja tu: "Mwanangu, lile neno nalifuta mbele ya watu hawa. Nisamehe."

"Neno gani, Baba?" Anajua vizuri sana neno gani. Lakini alikuwa ananishika mkono.

Hapohapo wadogo zake wakatokea nyuma na ndoo za maji, si mnajua tena bethidei zetu! Mama yake akapiga vigelegele, na mimi nikachukua kopo. Binti akaruka pembeni, kidole kakielekeza chini ya spika:

"Jamani subirini! Kuna ekstensheni hapo!"